Oveni Isiyopikiwa Chakula

Nilipiga ukemi katika gereji ya mtu nisiyemjua, na sioni haya kukwambia. Ulikuwa ukemi wa mtu aliyekanyaga nyoka. Mzee mwenye gereji alijimwagia kahawa kwenye viatu, na mume wangu, aliyekuwa ameinama akipima kitanda cha mbao, aliinuka mbio akidhani nimeangukiwa na kitu. Jumamosi hiyo tulikuwa tumekwenda Columbia Heights kutafuta kitanda tu. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kenya kwa mara ya kwanza, baada ya kunyimwa viza mpaka tukazoea kunyimwa, na chumba cha wageni kilikuwa na godoro la kujaza upepo basi. Nikavuta turubai ili nipate pa kupita. Chini ya turubai ndipo nilipoiona.

Stovu ya nyanya.

Najua, haikuwa ile yenyewe. Ya nyanya ilikuwa Kinangop, kwetu Kenya, na hii ilikuwa imeishi maisha yake yote hukuhuku Minnesota. Lakini hizi zilikuwa ndugu wa tumbo moja, nakuapia. Mlango mdogo wa kuni upande wa kushoto, mlango mpana wa oveni upande wa kulia, vifuniko vya mviringo juu, tangi la maji ubavuni na bomba lake dogo la shaba, miguu minne iliyopinda. Nilipoufungua mlango wa oveni ulilia kilio kirefu kisha ukagota, sauti ileile, na mimi mtu mzima, muuguzi, mama wa mtoto, nikaanza kutokwa na machozi mbele ya mzungu wa watu.

"Unaitaka?" mzee akaniuliza. Alisema ilikuwa ya mama yake, huko shambani kaskazini, na wanawe hawataki hata kuisikia.

Mume wangu alinitazama akitikisa kichwa polepole, kile kichwa cha kusema usithubutu. "Tulikuja kununua kitanda," akasema kwa Kiswahili.

"Tutanunua vyote viwili," nikamjibu.

Ngoja nikueleze kwa nini. Watu wa hapa wakisikia nimetoka Afrika hunipa pole kwa ajili ya baridi, nami huwaacha waendelee kunipa pole. Kumbe mimi nimekulia Kinangop, juu kule, ambako asubuhi ya Julai nyasi huwa nyeupe kwa sakitu na ng'ombe wanatoa moshi puani. Tulikwenda shule miguu mitupu imekufa ganzi. Kilichotuokoa ni ile stovu. Mzungu mwenye shamba alipoondoka aliacha vitu vizito asivyoweza kubeba, na babu, ambaye sikumkuta, akaipata na kuiburuta mpaka kwake kwa msaada wa majirani na ng'ombe wawili. Walisema ukuta wa jikoni ulibidi ubomolewe ndipo ikaingia.

Jikoni kwa nyanya ndiko ulimwengu wangu ulikokuwa. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kukomba majivu, kuyamwaga kwenye shimo la choo, na kujaza tangi kwa ndoo. Maji ya lile tangi hayakupoa kamwe. Tuliyanawia, tuliyapikia chai, na Jumamosi yalinitosha kuoga mwili mzima ndani ya karai nikiwa nimeipa stovu mgongo. Nyanya alichoma kuni za miwati, na mpaka leo nikisikia harufu ya gome la miwati mate yananijaa mdomoni. Juu ya stovu hapakuwa na nafasi tupu: githeri ya mahindi na maharagwe imeanza kutokota tangu adhuhuri, maziwa yanatishia kumwagika, viazi vya kuponda mukimo na minji, zile njegere mbichi, vimefunikwa kwa jani la ndizi lililonunuliwa sokoni, maana kwetu ndizi haimei kwa baridi ile. Vifuniko vililia kling, kling. Nami nikisoma vitabu vyangu kwenye kigoda, mgongo wa moto, magoti ya baridi.

Lakini sikiliza hili, maana ndilo lililonileta hapa. Nyanya hakupika kitu chochote ndani ya oveni. Katu! Alikuwa na oveni nzuri kuliko mwanamke yeyote wa eneo lile, na ndani yake aliweka kipande cha blanketi kilichokunjwa, basi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa akija kuomba moto asubuhi na kigae chake, na kila mara lazima aitupie jicho ile oveni na kucheka. "Huyu ana mashine ya kuoka mikate na anaifanya kabati," alikuwa akisema. Nyanya anacheka naye, anampa makaa yake, wanaachana.

Siku moja nikaona niwe mjanja. Nikaondoa blanketi nikaingiza viazi. Nyanya aliporudi kutoka kukamua akasikia harufu, na sijapata kumwona vile tena. Hakunichapa. Alivitoa vile viazi kwa mikono mitupu vikiwa vinaunguza, akawarushia kuku uani, akapangusa ndani ya oveni kwa kitambaa chenye maji, akarudisha blanketi. Halafu akakaa chini akihema. Nikamwomba msamaha bila kujua kosa langu ni nini, na yeye akanipa chai.

Na kila jioni kabla ya kulala alikuwa na kituko chake. Anafungua mlango wa oveni, anapandisha mkono wa sweta, anaingiza kiwiko. Si kiganja, kiwiko. Anakiacha humo kidogo, macho kayafumba. Nilipoanza kuwa na maneno nikamuuliza, "Nyanya, unatafuta nini humo?"

"Naangalia kama umelala," akanijibu.

"Si mimi niko hapa, nyanya!"

"Basi vizuri," akasema, akafunga mlango.

Nikadhani ni uzee. Hata nikiwa mkubwa, hapa Brooklyn Park, nimewachekesha marafiki zangu sana kwa hadithi ya nyanya aliyekuwa akimtafuta mjukuu ndani ya oveni. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sasa kuhusu mama. Mama alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha pareto, Nakuru, na mimi nilikuwa kwa nyanya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuja mwisho wa mwezi na sukari na mkate wa dukani, amevaa viatu vya kisigino vilivyozama kwenye matope yetu, na mimi nikijificha nyuma ya stovu mpaka aondoke. Baadaye aliolewa, akazaa wadogo zangu, na hao akakaa nao. Wote! Mimi peke yangu ndiye niliyeachwa mlimani. Hakuna aliyenieleza kwa nini, nami sikuuliza, na lile swali nimelibeba mpaka likavuka bahari nami. Nitakwambia ukweli: niliponunua ile stovu nilikuwa nataka mama aingie nyumbani kwangu aone ni mahali pa namna gani palinilea wakati yeye hayupo. Nilitaka imchome kidogo.

Basi tukaileta nyumbani kwa gari la kukodi, wanaume wanne wakilaani. Tuna chumba cha nyuma ambamo wenye nyumba wa zamani walijenga bomba la moshi, wakaliacha. Fundi wa mabomba ya moshi akaja akalikagua, akaweka jipya ndani ya lile la zamani, na mkaguzi wa mji akaja akaweka sahihi. Lakini stovu yenyewe ilikuwa juu yangu. Eh, kutu! Kutu ilikuwa imeila mpaka ikawa nyekundu. Panya walikuwa wamezaana ndani ya tangi kwa vizazi. Wavu wa chini unaoshika kuni ulikuwa umekatika katikati, na matofali ya kuzuia moto yalivunjika nilipoyagusa tu.

Nilipoanza likizo yangu, badala ya kupumzika, nikawa napiga magoti na brashi ya waya. Siki, brashi, kitambaa. Siki, brashi, kitambaa. Mume wangu akawa anapita akisema mke wake ameolewa na chuma, halafu siku ya pili nikamkuta amenunua brashi yake mwenyewe ndogo ya pembeni, anajifanya anapita tu. Binti yetu alichukua vifuniko vya juu, akavisugua mbele ya runinga, akinijibu kwa Kiingereza kila nilichomwambia kwa Kiswahili kama kawaida yake. Tulipomaliza kuipaka dawa nyeusi ya majiko na kuisugua mpaka ikang'aa, tulikuwa weusi mpaka masikioni. Nikawasha moto wa kwanza, mdogo, wa vijiti, kama nyanya alivyonifundisha. Bomba likavuta. Chuma kikaanza kutoa ile milio yake ya kunyooka. Wueh! Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Mama akafika. Pale uwanja wa ndege alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ndani ya koti nililomletea ambalo lilimmeza. Nilimshika mkono mpaka chumba cha nyuma kabla hata hajavua kofia, nikawasha taa. Alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Hii umeitoa wapi?" akauliza.

"Si inafanana na ya nyanya?"

"Inafanana," akasema. Kisha akaomba aonyeshwe pa kulala. Basi! Hivyo tu! Mimi na mikono yangu iliyochubuka, na mama yangu anaomba kitanda. Siku zilizofuata alikaa sebuleni na binti yetu, akimfundisha kufuma sweta, na akitaka kwenda nyuma ya nyumba alizunguka kwa mlango wa mbele akanyage theluji kuliko kupita mle chumbani. Nikaona. Nikajiambia, vizuri, dhamiri inamsuta.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaamua kuoka mkate. Nilikanda unga wenye maziwa na iliki, nikawasha stovu, nikaufanya moto uwe wa kiasi, nikaingiza mkate ndani ya oveni. Nilijiambia namfanyia nyanya kile alichoshindwa kufanya miaka yote. Harufu ikajaa nyumba. Nikasikia kandambili za mama zinakuja kwa haraka ambayo sikujua bado anayo.

"Umeweka nini humo ndani?" Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitenge kimemponyoka begani.

"Mkate, mama. Nimekuokea..."

"Toa."

"Bado haujaiva."

"Nimesema toa! Mtu anapika chakula kwenye kitanda cha mtoto?"

Nikacheka. Nilidhani ni safari imemchosha, au ni mambo ya umri, kama nyanya. "Kitanda cha mtoto gani, mama?"

Alinitazama. Alinitazama mpaka kicheko kikanikauka.

"Nyanya yako hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Ngai! Mungu wangu!" mama akasema, akakaa juu ya kuni nilizopanga ukutani, mkono mdomoni. "Ngai! Ngai! Hakukwambia."

Mkate uliungua, nikwambie mapema, maana hakuna aliyekumbuka kuutoa.

Mama alikuwa msichana, hajaolewa, tumbo la miezi saba, alipokwenda Kinangop kumwonyesha nyanya aibu yake. Usiku huohuo uchungu ukamshika. Mvua ilikuwa imekata barabara, hapakuwa na gari wala trekta ambalo lingepita. Nikazaliwa hapo jikoni, mikononi mwa nyanya na yule jirani mwenye mdomo. "Ulikuwa hivi," mama akasema, akanionyesha kwa viganja vyake viwili, na mimi nikaona ukubwa ule nikaujua. Naujua! Ndiyo kazi yangu! Kwenye hospitali yangu ya Saint Paul nawahudumia watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, ndani ya visanduku vya kioo vyenye joto, na mashine juu inayosema kila kitu. Miaka yote nimewaambia wazazi, msiogope, joto ndilo la kwanza, tuanze na joto. Haki ya Mungu sikujua ninasema habari zangu.

Nyanya alinipaka mafuta ya kondoo, akanifunga kwa pamba na kipande cha blanketi, akanilaza ndani ya katoni ya sabuni, akaiingiza katoni ndani ya oveni, mlango wazi. Moto ukawa wa makaa tu, wa chini kabisa, haupandi wala haufi. Wakapokezana, yeye na mama, mchana na usiku. Kiwiko ndicho kilichokuwa kipimo. Ngozi ya kiwiko ikivumilia, mtoto anavumilia. Ikisikia baridi, ongeza kijiti kimoja. Maziwa ya mama nilidondoshewa kwa ncha ya kijiko. Mhudumu wa zahanati alipofika hatimaye, miguu imejaa matope, aliinama akachungulia ndani ya oveni, akasema endeleeni hivyohivyo, mimi sina kitu bora kuliko hiki.

"Na yule jirani?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza. "Alikuwa anacheka eti nyanya ameifanya kabati."

"Alikuwa anakuja kukuangalia. Moto kwake ulikuwapo. Ulitaka aseme nini mbele yako?"

Maana kwetu, mama akanieleza, mtoto aliyeponea chupuchupu hasimuliwi habari zake, asije akajiona dhaifu. Husimuliwa siku anapozaa wa kwake, na anayesimulia ni mama mzazi, huku akimwosha mjukuu. Si kazi ya nyanya. Nyanya alifunga mdomo akiisubiri hiyo siku. Nami siku hiyo ilinikuta Minnesota, mama yuko upande wa pili wa dunia ameshikilia barua ya kunyimwa viza. "Ningekwambia kwa simu?" akauliza. "Salio linakatika, mtandao unakatika, wewe umechoka, mtoto analia. Nikasema, nyanya yako ndiye uliyemzoea, ataona hali ilivyo, atakwambia yeye. Kumbe naye ananisubiri mimi." Nyanya alifariki mwaka uliofuata.

Nikajua kwamba kama si hapo basi tena. Nikamuuliza. Nikashika ukingo wa stovu nikaungua, nikauachia.

"Kwa nini uliniacha kule?"

"Kukuacha?" Mama alirudia lile neno akionekana hajawahi kulisikia. "Nilikuchukua! Mara mbili nilikuchukua. Chumba changu Nakuru kilikuwa cha mabati, upepo unapita, nina stovu ya mafuta taa na mimi niko zamu kiwandani. Mara ya kwanza nilikurudisha midomo imekuwa rangi ya kijivu. Mara ya pili ulikuwa na mwaka mzima, nikasema sasa amekomaa, ukakamatwa na kifua nikakimbia nawe usiku mpaka kwa nyanya yako, na ulipofika tu karibu na ile stovu ukapumua. Nikaapa. Nikasema huyu sitamwondoa tena kwenye ule moto. Nilikuwa naogopa kukuua, wewe! Nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi na wewe unajificha nyuma ya stovu, nami namwambia nyanya yako, mwache, si anajua mwenyewe pa kukaa."

Niliona mwanamke kijana mwenye visigino vilivyojaa matope anateremka mlimani kwenda kupanda gari, na mimi nimekaa nyuma ya chuma cha moto nimemnunia. Nikalia vibaya sana. Mama akalia. Mume wangu alikuja kwa ajili ya moshi wa mkate, akatuona, akautoa mkate mweusi, akaondoka nao bila neno.

Mama alipotulia aliinuka akapangusa ndani ya oveni kwa kitambaa chenye maji, vilevile kama nyanya siku ya viazi. Kisha akapandisha mkono wa sweta. Akaingiza kiwiko, akafumba macho.

"Moto wako ni mkali," akasema. "Punguza."

Sasa mama amerudi Kenya. Stovu ya Kinangop haipo. Jikoni kulipobomolewa ili ijengwe nyumba ya mawe, mjomba aliwaita wanunuzi wa vyuma vikuukuu, wakaivunja kwa nyundo kubwa hapohapo uani na kuipakia kwenye mkokoteni. Alinitumia picha, nami, wakati huo nikiwa bado sijui lolote, nikamwandikia asante kwa kusafisha boma. Pengine leo ni mageti ya watu huko Nairobi. Nyanya hayupo, yule jirani hayupo, hakuna tena anayekwenda kuomba moto kwa mwenziwe na kigae, na wote walioniona nikiwa ndani ya katoni ya sabuni wamekwisha isipokuwa mmoja.

Mkate tunaoka kwa jiko la umeme. Ya kuni naiwasha jioni za baridi, na ndani ya oveni nimeweka kipande cha blanketi. Juzi kabla ya kulala binti yetu alinikuta nimepiga magoti pale, mlango wazi, kiwiko ndani, akaniuliza kwa Kiingereza chake natafuta nini humo.

"Naangalia kama nimelala," nikamwambia.